Nilipigiwa Simu ya Tsunami, Nikaendelea Kuchokoa Pweza

Msinitetee. Hapa Kiegeani wanasema ni uzee. Uzee gani! Nilisikia neno kwa neno. Nilikaidi.

Mimi ndiye niliyekabidhiwa kipaza sauti cha tahadhari, maana nikiita mtu, anasikia hadi shamba la tatu. Walikuja watu wa wilaya wakatufundisha: ardhi ikitetemeka chini ya bahari, huko mbali, mitambo inahisi. Maboya ya kilindini yanapima kama maji yameinuka. Habari inakwenda mjini, inafika wilayani Kilindoni, inaishia kwenye simu yangu. Nami nipige kelele, watu wapande juu. Basi.

Siku hiyo ilikuwa bamvua, bahari imekauka hadi mwambani. Tulikuwa wanawake wanane tunachokoa pweza. Kipaza sauti nimekiacha nyumbani, lakini koo ninalo! Simu ikalia ndani ya mfuko wa nailoni kiunoni. Kijana wa wilayani:

"Shikamoo bibi. Kuna tetemeko kubwa bahari kuu. Watoe watu pwani sasa hivi!"

"Marahaba. Nimesikia."

Nikatazama bahari: shwari kama mafuta kwenye sahani. Miaka yote hii nachokoa pweza, leo mashine inifundishe saa ya maji kujaa? Tena nilikuwa na pweza mkubwa shimoni, kang'ang'ania. Nikasema moyoni, huyu kwanza.

Mkwe wangu Zaina akauliza, "Nani huyo, mama?"

"Watu wa salamu tu."

Mungu anisamehe!

Maji hayakuja kwa ngurumo. Yalijaa tu, kabla ya saa yake, yakienda kasi kama mto. Yakatufika kifuani! Tulioweza tulishikana. Zaina akaburutwa juu ya matumbawe, mguu ukavunjika pawili. Alipona, lakini hatembei bila mkongojo. Msiseme ni bahari. Ni mimi.

Kwenye mkutano wa kijiji nikasema yote. Wakataka kipaza sauti chao.

"Sasa upumzike, bibi."

"Nipumzike nini? Nimeua mtu?"

"Ulikaribia!"

Kipaza sauti sikukiachia. Ndipo Zaina akasema, bila kunitazama: "Mwachieni. Huyu hatanyamaza tena."

Nawe uliyezaliwa pwani kama mimi, usiniambie unaijua bahari. Unaijua ya jana. Ukiambiwa panda, panda! Ukibisha, nitakuvuta kwa kanga yako mwenyewe.