Maji ya Chumvi Sebuleni

Denzil aliahidi kupiga makasia kila siku, mwezi mzima, kwenye mashine ya mazoezi sebuleni, ili watu waichangie pesa nyumba ya wagonjwa mahututi iliyomuuguza binti aliyezaa na mkewe Tamsin hadi pumzi ya mwisho. Leo aliuachia mpini kabla hata hajatoa jasho.

"Hiki ni chuma tu, Tamsin. Zamani tulikuwa sita mashuani, tukilowa pamoja. Siku hizi kila mtu na chuma chake, ndani, mkavu."

"Kwa hiyo wauguzi nikawaambie umeshindwa na ukavu?"

Mkewe akashuka ufukweni, akarudi na ndoo ya maji ya bahari. Akachovya vidole, akamrushia usoni. Denzil akalamba chumvi midomoni, akaushika mpini, akavuta.

"Rusha tena, mke wangu," akasema. "Kushoto. Upepo ulikuwa ukitokea huko."