Nilipakaa Mafuta ku Pano ya Mwenzangu

Bandugu, kosa ni yangu. Jina yangu sitasema, na ya bengine nimegeuza, juu Bunia ni ndogo na bado ninaishi humu.

Ninauza na kufunga pano za jua, zile za kuleta umeme. Justin naye anafanya hiyo kazi. Siku moja tukitoka kanisani, akaambia batu: "Pano za huyu ni za uongo, nguvu yake ni ya maandishi tu!" Balicheka. Bibi yangu alikuwa hapo. Haya gani ile! Nikaapa huyu mutu ataona.

Kisha Mama Béatrice, mukubwa wa santre yetu ya afya, akatafuta pano za frigo ya chanjo. Akasema: "Kila mutu aweke moja juu ya bati. Nitapima wiki mbili, nione gani inakamata jua muzuri. Mutu asiziguse!"

Ya Justin ilikuwa nyeusi, yangu ya bulu, ukubwa sawa. Siku ya kwanza, yake ikapita yangu. Hata jua likifunikwa na mawingu! Roho iliniwaka.

Kesho yake, Mama Béatrice akiwa anachanja batoto, nilipanda ku bati. Nikapakaa mafuta ya kupikia kidogo ku pano ya Justin. Vumbi ya Bunia munaijua! Ilinata. Kila siku alama zake zilishuka, Justin akashika kichwa.

Santre ikanunua zangu. Batu bakamuita Justin mwongo, kazi ikamuishia, akahamia Aru. Nilifurahi, bandugu! Nilinywesha barafiki bia!

Mvua ikaingia. Mawingu siku nne, pano zangu zikashindwa, frigo ikapata joto, dawa ya chanjo ikaharibika yote. Bamama balirudishwa bila chanjo, batoto ku mugongo. Mumoja alikuwa dada yangu, alitoka Irumu kwa miguu. Mbele ya chanjo ingine kufika, mutoto wake akashikwa na surua. Alipona, lakini jicho moja halioni tena.

Nilimupigia Justin simu, nikamuambia yote. Akasema: "Mi nilifikiri kweli sijui kazi. Niliuza hata ngazi yangu. Usinipigie tena."

Na kile kicheko cha kanisani? Bado kinaniuma. Sitawadanganya!

Weye mwenye umechafuliwa jina, kama hasira inakuzidi, nenda umutukane huyo mutu usoni. Lakini usipande kule mi nilipanda! Dada yangu ananishukuru mpaka leo juu nililipa muganga wa macho. Bado sijamuambia.