Maji Yasiyopita Kwenye Mita

Kiwandani tulimwita Bwana Mita, naye hakukasirika. Miaka kumi na mmoja amesoma mita ya maji kila saa na kuandika kwa mwandiko wa madaha kama barua ya mapenzi. Mimi, fundi wa pampu, nilimtania sana. Siku hizi sina hamu.

Tunatengeneza spiriti. Zamani tulitumia molasi tu: tunaizimua kwa maji, tunaichachusha, kisha tunaikeneka, yaani tunaichemsha na kukusanya mvuke wake. Mwaka jana wakubwa wakaleta muhogo. Muhogo huja na udongo wake, lazima uoshwe mara tatu. Lakini mita ikasema unatumia maji kidogo kuliko molasi! Meneja akafurahi, akaomba kibali cha kuvuta zaidi mtoni.

Bwana Mita alijua sababu, nami niliijua. Bomba la kuoshea muhogo linachepuka kabla ya mita, kwa hiyo maji yake hayahesabiwi. Mita aliifunga yeye mwenyewe, kwenye ukuta mkavu, asije akalowa viatu. Enzi za molasi haikuwa na neno, bomba lile lilikuwa la kusafishia sakafu tu.

Dada yake mkubwa analima nyanya bondeni, chini ya kiwanda. Kisima chake kilipoanza kutoa tope, alikuja getini.

"Mdogo wangu, si wewe unayepima hayo maji? Waambie wapunguze."

"Dada, nikisema nimejimaliza. Karatasi zote zina sahihi yangu."

"Kwa hiyo mimi nikauke kwa ajili ya sahihi?"

Bwana Mita akarudi ndani kusoma mita. Hata nyumba anayokaa na mkewe ni ya kiwanda.

Siku ya ukaguzi wa kile kibali cha maji alijikaza, akaingia kwa meneja, akasema yote. Meneja hakufoka. Akamvutia kiti.

"Mzee, hapo wa kushtakiwa ni mmoja tu, na ni wewe. Sasa nimwambie nini mkaguzi?"

Mkaguzi alipofika, Bwana Mita alisaini kwamba hesabu za mita ni sahihi. Mimi nilikuwa nimesimama pale na spana mkononi. Niliogopa, nikanyamaza.

Mwezi uliofuata kisima kikakauka kabisa, dada akahamia kwake. Bwana Mita alimwambia nusu tu ya habari: kwamba alisema, wakubwa wakakataa. Sasa kila asubuhi dada anafungua bomba la nyumba ya kiwanda, maji yanamwagika kwa nguvu, naye anamwombea kwa sauti: "Mungu akuzidishie, mdogo wangu. Bila wewe ningekuwa wapi?"

Bwana Mita anaitikia amina, anakwenda kazini.