Vidole Vyeusi vya Thenmozhi

Thenmozhi ni binti wa shemeji yangu, lakini nimemlea mimi tangu mama yake afariki. Wanaume wa ukoo wa marehemu mume wangu walikuwa waganga wa mitishamba, na hapa Palayamkottai, kusini mwa India, jina la ukoo huo bado linaheshimiwa. Thenmozhi alichagua kemia, na sasa anafanya utafiti chuoni.

Kazi yake nimeiona. Anachemsha majani ya kuppaimeni, gugu la majalalani ambalo wazee wetu walilipaka kwenye vidonda, anayachuja, kisha anatia maji yake katika maji mengine yenye chumvi ya fedha. Taratibu yanageuka manjano, halafu kahawia kama kahawa nyepesi. Hapo fedha imekuwa punje ndogo ambazo hata hadubini ya kawaida haizioni. Anazijaribu kwenye visahani vilivyooteshwa vijidudu vya vidonda, na zinapodondoka, vijidudu havioti tena. Mimi huiita dawa, naye hunisahihisha.

"Bado si dawa, mama mkubwa. Kisahani hakina damu wala figo."

Chumvi ile ikigusa ngozi huacha madoa meusi yasiyotoka kwa sabuni wala ndimu, mpaka ngozi yenyewe ibambuke. Siku watu wa upande wa kijana aliyetaka kumposa walipokuja kumwona, vidole vyake vilikuwa kama vya muuza mkaa. Baba wa binti, Sudalaimuthu, alitaka vifichwe kwa hina. Thenmozhi akakataa, akiolewa na mwana wao, alisema, si wataviona kila wiki?

Mjane hakai sebuleni siku ya kuonwa binti, huhesabiwa mkosi. Nilibaki jikoni na kahawa, nikisikiliza.

Pechiammal, mama wa kijana, alipokea kikombe, akaviona vidole, akauliza kama ni ugonjwa. Thenmozhi akamweleza yote bila haraka. Nilidhani mama yule angekunja uso. Kumbe alipandisha sari kidogo akaonyesha mguu uliofungwa bendeji. Ana sukari, na kidonda cha kisigino kimekataa kupona tangu sikukuu ya mavuno.

"Basi nimefika panaponifaa," alisema. "Mkwe na dawa yake. Niletee kichupa, mwanangu, leo leo tumwite sonara apime mkufu wa ndoa."

Thenmozhi akasema hawezi. Aende kliniki ya vidonda, mguu wa mwenye sukari hausubiri.

"Mgeni mnampa hotuba, dawa mnaficha," Pechiammal akacheka kwa ubaridi. "Au mnauza?"

Sudalaimuthu akaja jikoni akitokwa jasho. "Shemeji, mwambie ampe. Matone mawili tu. Huyu akiondoka, nani atamchukua na vidole vile?"

Hakusema upuuzi. Binti anakaribia miaka thelathini. Lakini mama yule alikuwa anatuamini kwa ajili ya waganga wetu waliokwisha kufa, na hilo ndilo lililonitoa jikoni. Nikasimama mbele yao, paji la uso tupu, bila alama nyekundu ya mwenye mume.

"Dada," nilimwambia, "baba mkwe wangu alionja kila dawa kabla ya kumpa mgonjwa. Hii haijajaribiwa kwenye mwili wa mtu yeyote. Binti amekuambia kweli. Ukitaka, kesho nakusindikiza kliniki mimi mwenyewe."

Waliondoka bila kugusa halua, wakasema watatuma jibu. Halijaja, wala sikulitazamia. Mtaani wanasema mjane ndiye aliyeivunja posa. Sijakanusha. Afadhali wanitaje mimi kuliko waseme binti yetu ana maradhi, au kwamba nyumba hii ilimpaka mgonjwa kitu isichokijua.