Mzee Aliyeniuliza Habari ya Chumvi

Hiki ninachokusimulia nilikiona mimi, kwa macho yangu haya, mchana, na siku hiyo nilikuwa sijagusa pombe ya kasiksi hata tone. Nakwambia mapema kwa sababu najua ukifika katikati utaanza kunitazama kwa jicho la upande. Waulize wenzangu wa kituoni. Walikuwepo. Hakuna hata mmoja atakayekwambia nimedanganya. Watabadilisha tu mazungumzo.

Mimi ni polisi, na nimezeekea ndani ya uniforme. Nilianzia kwetu Walikale, kule msituni, ambako nilishaamua kesi za mbuzi, za mitumbwi, mpaka kesi ya kasuku aliyemtukana mke wa mchungaji. Baadaye wakanihamishia Masisi, kwenye mji mdogo juu ya vilima, si mbali na Bihambwe, mahali ambapo ng'ombe wamewazidi watu na baridi inauma masikio. Polisi wa siku nyingi hatishiki ovyo. Mwizi namjua kwa jinsi anavyosalimia. Muongo namjua kabla hajamaliza kuapa. Shida ya huyu niliyekutana naye ni kwamba hakuwa mwizi wala muongo, basi sikujua nimuweke wapi.

Kesi yenyewe ilikuwa ya fromaji. Ile ambayo vitabu vinaiita jibini, lile duara la njano la maziwa linalokaa juu ya mbao mpaka likomae. Huku Masisi fromaji ni heshima ya watu. Mimi, mtoto wa ndizi na mboga ya sombe, nilikuwa naona inanuka kama soksi za doria, lakini hilo nilikuwa nalificha.

Mama Furaha, mjane wa familia ya wafugaji, alikuwa na nyumba ya fromaji juu kidogo ya mji. Fromaji zikaanza kupotea. Kufuli zima, mlango mzima, dirisha dogo lisilopitisha hata paka, lakini akifungua anakuta duara moja limeliwa, limebaki ganda. Ufunguo walikuwa nao watu wawili tu: yeye na mfanyakazi wake, Janvier. Ungekuwa wewe, ungemshika nani? Mama Furaha akaleta mashitaka, na Janvier akaingia kasho, kile chumba chetu cha kufungia watu.

Sasa elewa hapa. Janvier ni wa familia ya walimaji, watu wa maharagi na mihogo upande wa Nyabiondo. Mama Furaha ni wa watu wa ng'ombe. Kwetu, mambo kama hayo yanaanza na fromaji moja na yanaweza kuishia pabaya. Kwenye soko nilishasikia vijana wakinong'ona, wa upande huu na wa upande ule, na nilipopita wakanyamaza. Kunyamaza kwa aina hiyo nakujua. Tena komanda wangu alikuwa ameshasema: kesho Janvier anapelekwa parke, mbele ya waendesha mashitaka, na ukishafika huko unaweza kukaa ndani muda mrefu kabla ya mtu kukuuliza jina lako.

Mke wake alikuja asubuhi ile na bugali na maharagi, mtoto mchanga mgongoni.

"Afande," akaniambia, "huyu mutoto hajapata jina. Baba yake njo anapashwa kumuita. Sasa atamuitia mu kasho?"

Nikaenda kwa Janvier, nikachuchumaa mbele ya mlango wake.

"Kama si wewe, ni nani?"

"Nikisema utanicheka, afande."

"Sema."

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Akainamisha kichwa, akaanza kula bugali.

Basi baada ya saa sita nikapanda kilima. Nikamwambia Mama Furaha, "Mama, nifungie ndani, ufunguo ubaki kwako. Nataka kuona huo mlango unafunguliwa na nani." Alikuwa mwanamke wa kutembea mbiombio, mwenye kufanya kila kitu kama mvua inamkimbiza. Akanifungia, akasema anashuka kituoni kumuona komanda, akaondoka.

Nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Fromaji zimenizunguka kutoka chini mpaka paa. Nje ukungu ukashuka, ule ukungu wa Masisi unaofuata mvua, ambao ukinyoosha mkono huoni vidole. Dirisha likawa jeupe. Nikawa nasikia maji yakidondoka kwenye mabati, nikaanza kujisikia usingizi.

Ko, ko, ko.

Mtu alikuwa anagonga. Si mlango. Alikuwa anagonga fromaji, kwa kifundo cha kidole, halafu anaweka sikio, kama daktari anavyosikiliza kifua cha mtoto. Mzee mrefu, kofia ya zamani kichwani, koti la mvua, bote za mpira, fimbo ya kuchungia imening'inia kwenye kiwiko. Alikuwa amesimama kati yangu na mlango. Mlango haujafunguka. Niamini, nilikuwa nautazama.

Akachukua duara moja, akakata kwa kisu kidogo, akatafuna, akakunja uso. Kisha akaninyooshea kipande kwenye ncha ya kisu.

"Onja."

Wewe ungefanya nini? Nilionja.

"Chumvi iko namna gani?"

"Iko muzuri, papa," nikasema, kwa adabu tu.

Akanitazama kwa huzuni. "Polisi muzima na unadanganya. Chumvi haiko. Na hii haijakomaa, ilikuwa ingali inalala. Wameitoa mu usingizi."

Hapo ndipo nilipotazama chini. Sakafu ilikuwa imelowa maji ya maziwa, na alama za viatu vyangu zilikuwa zinaonekana moja baada ya nyingine mpaka kwenye ndoo. Za bote zake hazikuwepo hata moja. Nikataka kupiga kelele, lakini badala yake mdomo wangu ukafanya kile ulichozoea.

"Jina?"

"Kanyoni."

"Unakaa wapi, Papa Kanyoni?"

"Nilikuwaka hapa. Hii nyumba niliijenga mimi." Akaonyesha kwa fimbo kupitia ukutani, upande ambao nilijua kuna makaburi ya familia, chini ya miti ya mikaratusi. "Sasa niko pale."

Alisema hivyo kama mtu anavyosema amehamia kwa jirani. Na ajabu ni kwamba hofu yangu ikapungua. Nimeshahoji watu wengi wabaya, na huyu hakuwa mbaya. Alikuwa mzee aliyeudhika.

"Papa, juu ya nini unakulaka fromaji za watu?"

"Za watu gani? Nakulaka zile zenye haziko tayari. Mukazamwana wangu iko na haraka. Anauza fromaji ingali mutoto. Watu wa soko watasema, tazama, fromaji ya kwa Kanyoni imeharibika. Afazali niikule mimi, isifike kule." Akafuta kisu kwenye koti. "Unafikiri inanifurahisha? Tumbo inaniuma."

Nisamehe, nilicheka. Nilicheka mbele ya marehemu, nikiwa nimefungiwa ndani pamoja naye.

Kisha nikakumbuka kilichonileta. "Papa, iko mutu mu kasho sababu ya hilo tumbo yako. Janvier."

Kisu kikasimama hewani. "Janvier ule wa Nyabiondo? Ule nilifundisha mimi kusikiliza fromaji?"

"Ule ule. Kesho anapelekwa parke. Na mke wake amezaa, mutoto hana jina."

Mzee hakuwa na haja ya kuniuliza zaidi. Aliweka kofia sawa, akachukua fimbo mkononi.

"Tushuke."

"Mlango umefungwa, papa."

"Kwako," akasema, na nikasikia kufuli linaanguka nje kwenye majani.

Tukashuka kilima, mimi na yeye, ndani ya ukungu. Alitembea polepole, akikohoa, akilalamikia barabara kwamba tangu aondoke hakuna aliyeleta hata jiwe. Tulipopita kwenye malisho akapiga mluzi mdogo, na ndama wakaanza kutoka. Mmoja, halafu mwingine, wakipenya kwenye uzio, wakitufuata nyuma kama watoto wanaofuata harusi. Tulifika mjini tukiwa msafara. Watu wachache waliokuwa barabarani walituona vipi sijui. Mama mmoja muuza maembe madogo alinipigia salamu, akatazama kando yangu, akafunika kapu lake, akaingia ndani.

Mbele ya kituo mzee akasimama.

"Siingii. Nilipokuwa muzima sikuingia nyumba ya polisi. Sitaanza leo. Ingia wewe."

Ndani, Mama Furaha alikuwa ameketi kwenye benchi mbele ya komanda. Alishtuka kuniona.

"Ulitoka namna gani, afande? Ufunguo ni huu."

Sikutaka kumtisha. Nikamuuliza tu, "Mama, baba mukwe wako alikuwa anaitwa Kanyoni?"

"Ndiyo. Mungu amupumuzishe."

"Anasema fromaji unazitoa zingali na usingizi. Na chumvi ni kidogo."

Komanda akanitazama kama mtu anayehesabu likizo alizoninyima. Akafungua mdomo aniulize kama niko sawa, na hapo sauti ikaingia kutoka nje, kupitia dirishani, ya kizee, tulivu, yenye kikohozi ndani yake.

"Mama Haraka."

Mama Furaha akashika benchi kwa mikono miwili. Baadaye nilikuja kujua kwamba hakuna mtu mwingine duniani aliyemuita hivyo. Ni jina ambalo mkwe wake alimpa siku ya kwanza alipofika kama bibi harusi, alipomwaga maziwa kwa kukimbia.

Komanda akachukua redio yake ya kazi, akaitazama, akaizima. Sauti ikaendelea.

"Mama Haraka, toa ule mutoto wa watu. Nilikula mimi."

Mlinzi wa kasho aliacha bunduki ikiegemea ukuta, akatoka kwa mlango wa nyuma, na tulimuona tena siku iliyofuata. Mama Furaha alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Ndiyo, papa," alisema kuelekea dirishani. "Nimesikia, papa. Feza ya masomo ya watoto njo ilinikimbiza. Nitangojea zikomae." Kisha akamgeukia komanda. "Naondoa mashitaka yangu. Mufungulieni Janvier, tafazali. Nitamuomba musamaha mimi mwenyewe, mbele ya mama yake."

"Na kwenye karatasi niandike nini?" komanda akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake tena.

"Andika fromaji zimeliwa na mwenye nazo."

Akaandika. Ndivyo ilivyo mpaka leo.

Nilitoka nje kumwambia mzee. Alikuwa amesimama katikati ya ndama wake, ukungu umeanza kuchanika, na nilipotazama vizuri niliona mlima mzima kupitia koti lake. Akaninyooshea mkono. Hakuna polisi anayekataa mkono wa shahidi mwema. Nikamshika. Ulikuwa baridi kama maziwa yaliyolala kwenye maji ya chemchemi, kisha ukawa wa moto, kisha nikawa nimeshika hewa. Wenye ndama walifika wakikimbia, kila mmoja akinilaumu kwa nini nimechukua mifugo yao bila kibali.

Siku ya Jumapili Mama Furaha alipanda pikipiki mpaka Nyabiondo na fromaji kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, iliyokomaa, na mbele ya wazee wa familia mbili akaomba radhi. Walimpa maharagi gunia zima. Wale vijana wa soko walikula pamoja, wakabishana juu ya mpira. Janvier alimpa mtoto jina la Kanyoni, mtoto wa walimaji mwenye jina la mfugaji, na hakuna aliyekunja uso. Fromaji haijapotea tena. Janvier, ambaye sasa ndiye mkubwa wa nyumba ile ya fromaji, ananiambia jioni nyingine anasikia tu ko, ko, ko, halafu kimya, na anajua zimepita mtihani.

Na mimi? Mimi niliachiwa mkono huu. Ndama wanaupenda. Nikisimama kwenye kizuizi barabarani, ndama akipita lazima aje aulambe. Siku ya gwaride, nikiwa nimepiga saluti mbele ya wakubwa kutoka mjini, ndama wa mfugaji wa jirani alipenya katikati ya mistari akanilamba mpaka kwenye kiwiko, na sikuweza kuushusha mkono. Nimeusugua kwa sabuni, kwa limau, kwa majivu. Mke wangu anasema nimeolewa na ng'ombe. Fromaji naila sasa, tena naijua. Hata nikila sahani ya mtu ugenini, ulimi wangu unatoa hukumu kabla sijauzuia.

Kwa hiyo sikiliza, wewe unayepita huku kwetu. Ukungu ukikushika mchana kwenye vilima vya Bihambwe, na mzee mwenye bote akakunyooshea kipande kwenye ncha ya kisu akuulize kama chumvi inatosha, usijifanye mtu wa adabu. Mwambie ukweli. Zungumza naye vizuri, ana mengi ya kufundisha. Lakini akikunyooshea mkono kuagana, jiulize kwanza kama una shamba la ng'ombe. Kama huna, inama kidogo, vua kofia, na mikono yako iache mfukoni.