Mlango Usiobishwa Hodi

Mshonaji yule alidhulumiwa haki ambayo mikataba ya upangaji husahau kuitaja: haki ya kufunga mlango wake akaamini kwamba umefungwa.

Alikuwa amepanga nyumba ya vyumba viwili vya kulala katika jengo la ghorofa pembezoni mwa mji, katika kijimtaa ambacho watu hujuana hata kwa vikohozi. Chumba kimoja kilikuwa chake; cha pili kilikuwa cha bintiye wa sekondari, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuwa na chumba chake. Kwa ajili ya chumba hicho, mama alikuwa radhi kumeza shubiri. Na mwenye nyumba alimnywesha. Wapangaji walimwita Baba Wote, kwa kuwa kila mmoja wao kwake alikuwa "mwanangu". Alibaki na ufunguo wa akiba, na aliutumia.

Hakuiba kitu. Hilo ndilo lililotisha. Mshonaji alirudi kutoka kibandani anakoshonea akakuta pazia alilolifunga liko wazi, kiti kimegeuzwa, mto wa bintiye umebonyea. Akaanza kuingia kwake kwa kunyata kama mwizi, mkasi mkononi, akichungulia nyuma ya kila mlango kabla ya kuvua viatu. Alimweleza jirani wa chini, muuguzi mstaafu. Akajibiwa kwamba nyumba ina mwenyewe, na mgeni hachagui kitanda.

Kisha siku moja binti akabaki nyumbani na homa. Asubuhi akasikia ufunguo ukizunguka, halafu nyayo. Akajibanza katika kabati lake la nguo. Kitanda chake kikalia: mtu alikuwa ameketi juu yake, akiimba puani taratibu, kama aliye kwake. Mama aliporudi na dawa, alimkuta bado kabatini, ameing'ata sketi ya shule ili meno yasigongane.

"Mama, hakubisha hodi," alisema.

Mkataba ulikataza kubadili vitasa. Adhabu yake ilikuwa kufukuzwa. Hata hivyo, jioni ile mshonaji alimwita seremala abadili kitasa, naye alimtania kwa kumwuliza kama ana dhahabu ya kuficha.

"Nina mtoto," akamjibu.

Jumamosi Baba Wote alikuja. Mama na binti walikuwa wamesimama nyuma ya mlango, wameshikana mikono. Ufunguo uliingia, ukagoma. Mlango ukatikiswa hadi vikombe vikalia jikoni.

"Mwanangu, umeufanya nini mlango wangu?"

"Bisha hodi, baba."

"Nibishe hodi kwenye nyumba yangu? Basi kalale barabarani na cherehani yako."

Mshonaji aliegemeza bega mlangoni. Ndipo zikasikika hatua nzito zikipanda ngazi. Alikuwa muuguzi mstaafu.

"Na kwangu pia uwe unabisha, mzee," alisema akihema. "Vitu vyangu vinahama, nami nikadhani ni uzee unanisahaulisha."

Milango mingine ikafunguka. Wapangaji wakasimama, wakimtazama. Baba Wote akautazama ufunguo wake, kisha kwa sauti ndogo akasema, "Hodi."

Hakuna aliyemwitikia karibu.

Alishindwa kulifukuza jengo zima. Tangu tarehe mosi Agosti 2022, kila mpangaji pale ana kitasa chake na funguo zake zote. Mshonaji bado huchungulia nyuma ya milango kabla ya kuvua viatu.