Ubani kwenye Tundu la Sungura

Chekeni mtakavyo. Sungura wangu wawili niliwaweka tundu moja kwa sababu wote ni madume. Jirani yangu hapa Likoni, Bi Mwanasha, akaniambia niwatenge. Uhuru wenyewe wa Kenya bado haujafika, lakini kila mtu kashakuwa mshauri! Sikumsikiliza. Juzi mmoja akaanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani, nami nikatangaza mtaa mzima kwamba ni jicho la hasadi la Bi Mwanasha. Nikamwita aje ashuhudie nikimfukiza sungura ubani. Watu wakajaa uani. Moshi ulipopungua, ndani ya manyoya aliyojinyonyoa tukaona vitoto vyekundu vikitapatapa. Bi Mwanasha akakitazama chetezo cha ubani mkononi mwangu.

"Usikizime, mwanangu," akasema. "Mzazi hufukizwa."